Herufi Kubwa Zilivyoniumbua

Ndugu zangu, kwa yaliyotokea juzi, wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Nafanya kazi kwa wakala wa mizigo hapa mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, China. Mwenzangu Neema huingiza majina ya wateja kwenye kompyuta. Mimi ndiye fundi wa mfumo. Bosi wetu, Bi Shamsa, alitaka majina yote yawe kwa herufi kubwa, maana wapakiaji wa Kichina hulinganisha tu maumbo ya herufi kwenye marobota. Nikaweka sharti kwenye hifadhidata: jina lisilolingana na umbo lake la herufi kubwa likataliwe. Nikajaribu jina kwa herufi kubwa, likapita, nikajisifu kwa ofisi nzima.

Juzi mzigo wa mama mmoja wa Kariakoo ukapakiwa kwenye makontena mawili, kama wa watu wawili. Nusu ya marobota yalikuwa na jina lake kwa herufi ndogo.

"Mfumo haukubali herufi ndogo," nikamwambia Bi Shamsa. "Labda Neema anauchezea."

"Kaka, mimi naandika tu," Neema akasema huku analia.

Bi Shamsa akamwambia akusanye vitu vyake. Kisha akanigeukia.

"Hebu andika jina langu kwa herufi ndogo, mwanangu, nione linavyokataliwa."

Nikaandika. Likaingia bila shida yoyote. Hifadhidata yetu ilipangwa kuziona herufi kubwa na ndogo kuwa kitu kimoja, kwa hiyo sharti langu halikuwahi kukataa chochote.

Neema alikuwa bado mlangoni, mkoba begani. Akarudi, akasimama nyuma yangu, akalisoma jina la bosi kwenye skrini.