Simu ya Bibi Kan na Gari la Taka

Shih Pei-jung hakuwa mtu wa kuambiwa "haiwezekani" akanyamaza. Ukimwambia hivyo anakutazama kama umemtukania mama, kisha anavuta kiti na kuwasha kompyuta. Miaka mingi aliandika programu za simu kwenye ofisi za Taipei, akachoshwa na mabosi, akarudi kwao Keelung. Akaweka meza chini ya jengo alilokulia, mlango wazi kwenye uchochoro, mvua isimkere.

Mwezi ule alilivalia njuga jambo la Bibi Kan wa ghorofa ya nne. Masikio ya bibi yalikuwa yamekufa nusu, lakini zamani hakuyahitaji: gari la taka, ambalo hupita likipiga wimbo ili kila mtu alete taka zake mwenyewe, lilipita saa ileile, naye akishuka kwa saa ya ukutani. Tangu barabara ya juu ichimbwe, gari likawa linakuja linapojisikia. Majirani wakiusikia wimbo wa gari wanakimbia na mifuko. Yeye hasikii kitu, na gari halimngojei mtu. Taka zake zikarundikana ngazini, zikanuka. Fang, mwenyekiti wa mtaa, anayekaa ghorofa ya pili, akampigia simu Chun-yen, mtoto wa bibi, huko Taichung. Chun-yen akasema basi, Jumamosi anakuja kumchukua mama yake akaishi kwake.

Bibi Kan alishuka kwa Pei-jung akalia waziwazi. Nyumba ile alihamia akiwa bibi harusi, leo wamtoe kwa sababu ya mifuko ya taka!

"Lete simu yako, Bibi," Pei-jung akamwambia karibu na sikio. "Gari likikaribia, itakutikisa mpaka meno yagongane."

Mtandaoni ilionekana kila gari lilipo, kwa hiyo kazi haikumtisha. Aliiunga simu ya bibi na kompyuta kwa waya, akaiambia programu mtaa wa kuangalia. Akiandika huku, mabadiliko yanaingia kule papo hapo, programu ikiendelea bila kuzimwa. Kila kitu kikaenda sawa, akajizawadia bakuli la supu ya samaki. Ijumaa asubuhi simu ile kuukuu ikazimika yenyewe. Alipoiwasha, programu ilikuwa imeusahau mtaa wa bibi kabisa. Pei-jung akafyonza. Siku zote zile hakuwahi kuizima na kuianzisha upya hata mara moja, na hilo ndilo jambo la kwanza simu ya bibi ingelifanya. Akajitukana mwenyewe, kisha akaingia kazini.

Ikawa ni kurekebisha, kuzima programu, kuiwasha upya, kusikiliza. Sasa, alikuwa ameiandika hivi: ikiwaka tu, ipandishe sauti hadi mwisho na kupiga wimbo wa gari la taka, ili bibi ajue iko macho. Wimbo ukatoka mlangoni ukajaa uchochoro mzima. Milango ikafunguka juu, kandambili zikateremka ngazi, Mwenyekiti Fang mbele, mkono huu mfuko, mkono huu ndoo ya mabaki ya chakula. Gari hakuna. Pei-jung akaomba radhi. Baadaye akaiwasha upya, wakashuka tena. Mara ya tatu Fang alishuka na hasira tupu.

"Binti, unatuchezea? Punguza hiyo sauti!"

"Nikipunguza nitakuwa najaribu simu ya mtu mwingine, Mjomba Fang. Wewe shuka tu, ngazi ni dawa ya kitambi."

Jioni ile aliiwasha upya, akaukuta mtaa upo. Akachomoa waya, akaizima simu yenyewe, akaiwasha. Upo. Akairudisha kwa bibi.

Jumamosi mvua ilikuwa inanyesha Chun-yen alipofika na sanduku tupu. Alisimama mlangoni kwa Pei-jung, mpole, amechoka.

"Dada, nakushukuru sana. Lakini mama hawezi kuishi kwa kutegemea simu."

"Kaa kwanza," Pei-jung akamjibu. Uso wake ulikuwa mkavu, ila vidole vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa meza.

Hawajakaa sana, wimbo ukasikika. Juu mtu akacheka. Sauti ya Fang ikatoka dirishani: leo hashuki ng'o, Pei-jung atafute wajinga wengine. Hakuna mlango uliofunguka, isipokuwa mmoja, wa ghorofa ya nne. Zikasikika hatua za goti linalouma, taratibu, na Bibi Kan akatokea na mfuko na ndoo, simu ikitetemeka ndani ya mfuko wa aproni. Akawapita wote wawili bila salamu, akaingia mvuani. Gari la njano likakata kona. Akatupa mfuko, akamwaga mabaki, gari likaondoka.

Hapo ndipo jengo zima lilipofumuka. Fang alilikimbiza gari mpaka kona, kandambili moja ikabaki njiani, akarudi ameloa na mfuko wake umejaa vilevile. Bibi Kan alikuwa amesimama chini ya ngazi, ameziba njia.

"Usije ukauacha ngazini, mwenyekiti," alisema kwa sauti ya wasiosikia. "Ukinuka, nampigia mwanao."

Chun-yen alilitazama sanduku lake, akaliegemeza ukutani kwa Pei-jung, akapokea ndoo mkononi mwa mama yake.