Nilibadilisha breaker ili heater za mama zisikate umeme: yaliyotukuta Njombe

Kamwene wakuu.

Haya yametokea nyumbani kwetu na sijatia chumvi. Kama kuna wa Njombe humu atanijua, anijue tu.

Mimi ni mtu wa kujijenga. Nina diploma ya umeme, nimefanya kazi viwandani Afrika Kusini miaka tisa, nikarudi na gari langu na kufungua duka la vifaa vya umeme Makambako. Sikurithi hata kuku.

Nyumba ya mama, njia ya kwenda Uwemba, nilijenga mimi. Kuta za ndani nikazipiga mbao za paina kuzuia baridi. Watu walikuwa wanakuja kuiangalia.

Sasa baridi ya mwezi wa sita mnaijua. Mama alikuwa anaota moto wa jiko la mkaa chumbani, nikaogopa ile hewa yake itamuua. Nikamfungia heater mbili kubwa za ukutani, sebuleni na chumbani kwake.

Fundi wa mtaa ule ni Mlelwa. Kazi kajifunzia mitaani, lakini leseni anayo. Akapita kusalimia, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Kaka, hizi zinataka laini yake kutoka main switch, waya mnene. Hapa umezivuta kwenye waya wa taa."

Nikamjibu mbele ya mama: "Mlelwa, wewe umesomea wapi? Juu ya nguzo?"

Akacheka kidogo. "Nguzo nazo zinafundisha, kaka. Ukianguka mara moja umeelewa."

Akaondoka.

Heater zote zikiwaka, breaker inakata. Mama anapiga simu: "Mwanangu, umeme umekata tena." Nikaona aibu, mtu mwenye diploma. Nikachukua breaker kubwa zaidi dukani kwangu, nikabadilisha. Haikukata tena.

Wakuu, ile breaker ilikuwa inakata kwa sababu waya umezidiwa. Nilijua. Hilo linafundishwa mwaka wa kwanza.

Wiki ya pili mama akasema ukuta unanukia. Sisi mbao ndiyo maisha yetu, na harufu ya utomvu wa paina kwetu ni harufu ya nyumba mpya.

"Ni mbao zinakauka hizo, mama."

"Kumbe. Inanukia vizuri kweli."

Zilikuwa zinaungua kwa ndani, taratibu.

Asubuhi moja niko dukani, dada yangu akapiga simu analia. Kutoka Makambako hadi Njombe niliendesha, sikumbuki hata kona moja.

Nusu ya nyumba ilikuwa chini. Majirani walimtoa mama akiwa hai, lakini alikuwa amejaribu kung'oa heater kwa mikono. Hospitali wamemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Leo analishwa ugali na dada.

Kinamama wa kanisani walipokuja kumwona kwa dada wakauliza moto umetoka wapi.

"Ni jiko la mkaa," mama akasema. "Nililisahau."

Mlelwa alikuwepo. Alikuwa ameiona ile breaker kwenye majivu. Akaangalia chini. Na mimi nikaacha jiko libebe lawama.

Wiki iliyofuata jirani yetu, Mama Upendo, akanifuata na wenzake wawili.

"Mwanetu, jiko litatumaliza. Tufungie na sisi ile ya umeme, kama ya mama yako."

Nikawaambia yote pale pale, mama akiwa amekaa anasikia.

Mama akawageukia. "Basi mwiteni Mlelwa, awafungie yeye."

Funzo langu: heater kubwa ipewe laini yake, waya wa saizi yake, breaker inayolingana na ule waya, na earth, yaani waya wa kwenda ardhini. Ikikata, tafuta sababu, usiongeze breaker. Ukuta ukinukia, zima main switch kwanza, maswali baadaye. Na fundi mwenye leseni akitikisa kichwa, msikilize.

Wa Makete na Bulongwa mnaotumia heater, mmefungaje huko? Ulizeni nitajibu. Wa kunitukana nao nafasi ipo, sitajitetea.