Firigisi Iliyotangazwa Redioni

Njia itokayo nyumbani kwangu hadi kwa muuza maziwa hupita kando ya nyumba tisa, na asubuhi nyumba zote tisa hufungulia kituo kimoja cha redio. Mtu aweza kuitembea njia nzima bila kupoteza neno. Sauti ya mtangazaji humpokea langoni, humkabidhi kwa dirisha la jirani, na dirisha hilo humsogeza mbele, hata ikawa kana kwamba kuna mtu anayetembea sambamba naye ndani ya ukungu, upande wa pili wa ua wa michongoma.

Nimetembea hivyo tangu nilipostaafu ualimu. Kipindi chenyewe sikukipenda. Mume na mke waliokosana huitwa humo kwa simu, mmoja bila kujua kwamba mwenzake yuko hewani, na ugomvi wao huchanganywa na vicheko vilivyorekodiwa. Hata hivyo nilikisikiliza, na ziko asubuhi nilizopunguza mwendo ili nisifike kabla hakijakwisha.

Nyumba ya saba ilikuwa ya mama kijana, mshonaji wa sare za shule, na mumewe aliyechimba dhahabu katika mashimo madogo ya upande wa Malinya. Mume alilala huko siku za kazi, akarudi Jumamosi akiwa na udongo mwekundu kwenye kucha. Jumapili alichinja kuku. Kwetu firigisi ya kuku, ambayo kila mtu hapa Kakamega huiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Mwanamke huisafisha, huipika, huiweka juu ya kitoweo ionekane, haionji. Mimi nililelewa katika desturi hiyo, nikaishi bila mume, nikajinunulia kuku wangu kwa miaka arobaini, na kila mara nilimpa firigisi mgeni wa kiume, na asipokuwapo mgeni, paka. Halikunipitia akilini wazo kwamba naweza kuila.

Kisha malaria ikanilaza. Yule mshonaji alikuja kila jioni na uji. Siku moja, nikiwa katika ule usingizi wa homa ambao vitu vya chumbani huelea mbali na mahali pake, nilimwambia kwamba nimesoma vitabu vya kujaza nyumba, lakini sijui imondo ina ladha gani. Alicheka kidogo, akatoka. Jumapili iliyofuata aliingia na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Mwalimu, usiniulize kitu. Kula kabla sijajuta."

Ilikuwa ngumu kidogo, yenye utamu uliochelewa kufika.

"Nilidhani ni kubwa kuliko hivi," nikasema.

"Ni hiyo tu. Na ndiyo hutufanya tunyamaze wanaume wakila."

Nyumbani kwake mume aliuliza imondo iko wapi. Mkewe alimjibu kwamba paka wa mwalimu aliingia jikoni. Mume akalikubali jibu hilo, akacheka, akalipeleka Malinya kama kichekesho cha kusimulia shimoni. Wenzake hawakulicheka kama alivyotaka. Walimwambia kwamba mke anayeficha imondo huwa ameshampa mtu, na wakamshawishi atume ujumbe redioni, asikie mwenyewe mke atasema nini.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, ule unaoteremka kutoka msituni. Mbele ya nyumba ya tatu nilimsikia mwanamume akieleza habari ya imondo iliyopotea, nami nikatabasamu. Simu na redio zilikuwa zimeibadilisha sauti yake. Mbele ya nyumba ya tano mtangazaji alimpigia mke.

"Mama watoto, habari ya asubuhi. Hebu tuambie, imondo ya mzee ilienda wapi?"

"Imondo gani? Wewe ni nani?"

"Mimi ni rafiki ya familia. Kenya nzima imekaa mezani hapa, inangojea imondo."

"Ilichukuliwa na paka."

Vicheko vilivyorekodiwa vilimwagika kutoka kila dirisha.

"Huyo paka, mama, hutembeanga kwa miguu mingapi? Ama ni miwili? Huvaanga suruali?"

Nilipofika penye ua wa nyumba ya saba nilisikia sauti yake mara mbili: kwanza ikitoka kinywani mwake, nyuma ya michongoma, kisha, baada ya kitambo kifupi, ikitoka katika redio ya nyumba ya nane. Alisema, "Naomba mniache," na hewa ikarudia, naomba mniache. Nilikuwa hatua nne kutoka langoni pake. Ningeingia, nikaiomba simu, nikasema kwamba mimi, mwanamke mzee, ndiye niliyeila, habari ingekufa papo hapo. Nilisimama na chupa yangu ya maziwa mkononi. Niliwaza wanafunzi wangu wa zamani wakinisikia. Nilijiambia kwamba ni upuuzi wa asubuhi, utayeyuka pamoja na ukungu. Nikaendelea na safari, na sauti ikanisindikiza hadi kwa muuza maziwa.

Shimoni wenzake mume walianza kumlilia, miau. Walilia alipoteremka kwa kamba, wakalia alipopanda. Hadi mchana hakuna aliyemwita kwa jina. Saa tisa alikuwa nyumbani, na mpini wa jembe ulikuwa nyuma ya mlango mahali ulipokaa siku zote. Mwanamume huyo hakuwahi kumpiga mkewe kabla ya hapo. Mke mwenyewe aliniambia hivyo hospitalini, akiwa na mkono wa kulia uliovunjika mahali pawili, naye halitoi hilo kuwa udhuru wa mumewe. Hata chini ya mpini hakulitaja jina langu.

Siku chache baadaye msikilizaji alimuuliza mtangazaji kuhusu mkono ule. Alijibu kwa upole kwamba kazi yao ni kuburudisha, na kwamba wao hawakumgusa mtu. Nililisikia jibu hilo mbele ya nyumba ya nne, na nikalitambua. Nami sikuwa nimemgusa mtu.

Mshonaji alirudi kwa wazazi wake Bukura. Mume alilala kituo cha polisi, akaachiliwa kwa dhamana, na wazee wa upande wake wakaenda kumwombea msamaha. Niliomba kuwapo. Nilisimama katikati ya chumba nikasema kwamba imondo niliila mimi. Mume alinigeukia.

"Wewe, Mwalimu?"

"Mimi."

"Na ulikuwa njiani ukisikia?"

"Nilikuwa langoni."

Mkewe ndiye aliyezungumza, mkono ukiwa kifuani katika plasta, na hakuinua sauti.

"Wazee, nimewasikia. Lakini mimi sikuaibishwa chumbani. Aende kwa redio ileile, kipindi kilekile, aseme alichonifanya na kwa nini. Mwalimu naye aseme. Nikisikia hayo, nitaketi nanyi tena. Nisiposikia, msije."

Mume alikubali. Alipiga simu mbele yetu, kisha akapiga tena juma lililofuata, akaambiwa kwamba ratiba imejaa. Mimi nilipiga siku tatu mfululizo. Kijana aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akauliza kama katika habari yangu kuna mwanamume yeyote. Nikasema hayuko, ndiyo maana ya habari yenyewe. Akanishukuru, akasema watanitafuta.

Wazee hawajarudi Bukura. Mkono umeunga vibaya, na cherehani imepewa mdogo wake. Mume hulala Malinya hata Jumapili.

Mimi bado hutembea njia ile asubuhi, na sauti bado hunipokea kutoka dirisha hadi dirisha. Mbele ya nyumba ya saba hukatika, kwa kuwa hakuna wa kuiwasha redio, na nyumba ya nane iko mbali kidogo. Nimezihesabu: ni hatua kumi na mbili za ukimya. Katika hatua hizo mimi husema, kwa sauti ya kawaida na kwa ukamilifu, yale niliyotakiwa kuyasema. Huwa nimefika mwisho wake dirisha la nane linaponipokea kwa kicheko.