Nakala Mia Tano Chini ya Meza Yangu

Watu wakinisikia nikimsema Karani hudhani namwonea. Simwonei. Kitabu chake nilikichapa mimi, na aliyemsukuma akaseme redioni ni mimi. Kwa hiyo nikimsema yeye, najisema na mimi mwenyewe.

Alikuwa mwanamke, karani wa masijala kwenye ofisi ya ardhi, ndiyo maana sote tulimwita hivyo. Kutwa anatafuta mafaili ya watu wanaogombania mipaka. Alfajiri, kabla hajavaa sare ya kazini, anaandika. Riwaya yake ilimchukua miaka saba. Wachapishaji wawili walimrudishia mswada, wa tatu hakurudisha hata huo mswada wenyewe. Akaamua kujichapishia. Aliingia dukani kwangu na mfuko wa plastiki kaukumbatia kama aliyebeba mayai.

Kurasa zilijaa alama za penseli. Nikamwuliza nani kazifanya hivi.

"Dada yangu. Huyo ndiye msomaji wangu wa kwanza. Dada akikata neno, limekatwa. Hakosei."

Dada mtu alikuwa mkunga, mwanamke wa maneno machache, aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa wetu, wangu wawili wakiwemo. Tulimwita Mama Mkunga. Na riwaya ilimhusu mkunga: anabadilisha watoto wawili wodini, anaishi na siri hiyo mpaka uzeeni. Kisa kilikuwa cha kubuni mwanzo hadi mwisho. Cha kweli kilikuwa wodi tu, harufu ya dawa ya kusugulia sakafu, vitanda vya chuma vinavyolia, mama anayeung'ang'ania mkono wa nesi. Hayo Karani alisimuliwa na dada yake huku wakipiga pasi. Karatasi za mwisho alikuja kuzihakiki Mama Mkunga mwenyewe. Alisimama kwenye kaunta na penseli yake, akamaliza, akaondoka bila kukaa.

Nikachapa nakala mia tano. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana Karani hata kiberiti gizani asingeweza kukiuza. Nilimwambia apeleke vitabu ofisini kwake. Akavipeleka, akavificha chini ya mafaili. Nikampiga picha kwa simu akiwa kakishika kitabu, vidole vyote vitano viko juu ya jina lake. Nikamwambia atoe vidole, akakigeuza kitabu. Kwenye sherehe ya kumuaga mstaafu mmoja walimpa nafasi ya kusema chochote. Akasimama, akamsifu mstaafu, akakaa. Kitabu kikabaki kwenye pochi.

"Kizuri chajiuza, kaka," alikuwa akiniambia. "Kibaya ndicho kinachojitembeza."

"Hicho kizuri chako kimejiuza nakala kumi na tisa," nikamjibu. "Na tatu nimenunua mimi."

Maboksi yalikaa chini ya meza yangu ya kukatia karatasi. Mwaka mzima nilifanya kazi nimekunja miguu. Nilikasirika, sifichi. Kitabu nilikisoma mara mbili, na mara ya pili kilinitoa machozi. Kikawa kinakula vumbi pale chini, huku juu ya meza nachapa mabango ya dawa ya kuondoa vitambi, na mabango hayo watu wanayagombania.

Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa mteja wangu, nikamwomba robo saa kwenye kipindi chake. Karani alikataa wiki tatu nzima. Mara ana mafua, mara sauti yake mbaya, mara hana nguo ya kuvaa.

"Nguo? Redioni?" nikamwuliza.

Aliyemshawishi mwishowe ni dada yake. "Nenda, mdogo wangu. Ukinyamaza nani atakujua?"

Siku hiyo nilizima mashine nimsikilize. Alikuwa akijibu ndiyo, hapana, basi. Mtangazaji akachoka, na uchovu wake ukasikika. Akaanza kusoma salamu za wasikilizaji katikati ya mazungumzo. Kisha akauliza lile swali ambalo kila mtu alikuwa amemwuliza Karani. Kila mara alijibu kwamba ametunga, na kila mara aliyeuliza alikirudisha kitabu mezani.

"Sasa dada yetu, haya mambo ni ya kweli au umetunga tu?"



"Ni ya kweli," akasema Karani. "Dada yangu ni mkunga. Yamemtokea yeye."

"Eh! Kwa hiyo hao watoto wapo?"

"Wapo."

Nilijua kabisa kuwa ni uongo. Na nilifurahi. Nilipiga meza kwa kiganja kama mtu aliyeona bao. Simu ya duka ilianza kuita kabla kipindi hakijaisha, na baada ya siku tisa hapakuwa na boksi hata moja chini ya meza. Nikanyoosha miguu.

Siku ya kumi wanawake wawili walikwenda wodi ya wazazi, wamewashika mkono watoto wao ambao tayari wameanza shule, wakitaka kuambiwa kama ndio waliowazaa kweli. Kesho yake wakawa saba. Mume mmoja alipiga kelele getini kwamba mwanawe hafanani naye hata kucha. Hospitali ikaunda kamati. Kamati haikuona kosa lolote, lakini ili kutuliza hali wakamtoa Mama Mkunga wodini, wakampeleka stoo ya mashuka. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Miaka thelathini na moja ya kupokea watoto wa watu, akaishia kukunja foronya.

Nyumbani kwangu nako nilimkuta mke wangu anayachunguza masikio ya binti yetu. Nikamgombeza sana. Kisha nikatoka nje, nikayatazama yangu kwenye kioo cha pikipiki.

Karani alipokuja kuagiza nakala nyingine elfu moja, hakunitazama usoni.

"Uliteleza ulimi?" nikamwuliza, nikimtafutia pa kutokea.

"Sikuteleza. Nilijua ninachosema. Nilimsikia yule kijana anapiga miayo, kaka. Miaka saba, halafu mtu anakupigia miayo!"

"Kwa dada umekwenda?"

"Mara tatu. Ananifungulia, ananipa kiti, anaendelea kupiga pasi. Hasemi kitu. Angenitukana ningepona."

Akanipa karatasi ya kuwekwa ukurasa wa kwanza. Alikuwa ameandika: *Hadithi hii ni ya kubuni. Dada yangu hajawahi kutenda lolote kati ya haya. Niliyosema redioni ni uongo, na uongo huo ni wangu.* Akaniomba nisichape kabla dada yake hajaiona.

Nikampelekea ujumbe Mama Mkunga. Sikutegemea atakuja, lakini alikuja, bado kavaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, ingawa stoo hakuna anayedai sare. Nikamvutia kiti. Hakukaa. Akaiweka karatasi kwenye kaunta, akatoa penseli, akasoma taratibu kama alivyosoma kurasa zote za mwanzo. Nilijaribu kumwambia kwamba na mimi nina lawama zangu. Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Alikata mahali pamoja tu. Alipitisha mstari juu ya maneno "Dada yangu", na juu yake akaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: "Mkunga anayetajwa".

"Sasa iko sawa, baba," akasema. Akarudisha penseli mfukoni, akaenda zake.

Jioni Karani akapita akitoka kazini. Nilimpa ile karatasi, kwa kuwa sikuwa na njia ya kuificha. Akaisoma, akaweka kidole pale penye mstari. Nilimhurumia, na nilikuwa nimeapa kutomhurumia.

"Naweza kuyaacha maneno yako yalivyokuwa," nikamwambia. "Hatakifungua tena kile kitabu. Hatajua."

"Dada akikata, limekatwa," akasema. "Chapa hivyo hivyo."

Alipofika mlangoni akageuka, akaniomba nikimaliza nimrudishie ile karatasi yenye alama ya penseli, nisije nikaitupa.