Mara Ngapi Mbele ya Kuisha

“Madamu Psi, muntu anaweza kupanda mara ngapi mbele ya kuisha?”

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, siku yangu ya kwanza, kabla sijapewa hata kiti. Kupanda, katika lugha ya wanajeshi wa Masisi, eneo la vilima juu ya ziwa Kivu, ni kwenda kwenye mstari wa vita, kwa sababu huku kambi hukaa bondeni na vita hukaa vilimani. “Mbele ya” kwao ni kabla ya, na kuisha hakukuwa na maana ya kufa. Niliyajua hayo kwa sababu muulizaji, mtu mrefu mwenye sare iliyopauka mabegani, alijigonga kifua kwa kidole kimoja alipolitamka neno hilo, kama anayegonga pipa asikie kama bado lina maji.

Nilitoka chuo kikuu nikiwa na digrii ya saikolojia, ile “psi” waliyoniitia, na ulimi mwepesi. Nilikuwa nimebishana na kila mwalimu aliyenifundisha. Nikavipitia vitabu vyangu vyote kichwani na sikuona hata kimoja kinachojibu swali lile.

“Sijui,” nikasema.

“Haya,” akasema, akatoka.

Daktari Mkuu wa zahanati ya kambi, bosi wangu wa kwanza, alikuwa amesikia. Akafunga mlango.

“Binti yangu, hapa hatusemi sijui. Mugonjwa akiuliza, unajibu. Dawa ya kwanza ni daktari kuwa na uhakika.”

“Hata kama hana, Daktari?”

“Zaidi kama hana.”

Sikukubali, na nilimwambia sikukubali. Ndivyo tulivyoanza kazi pamoja, na tulifanya kazi vizuri.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi. Mimi sina mvi. Lakini kituo chetu kimefungwa, kazi niliyoifanya haipo tena kwa namna ile, na ninyi mnaotoka vyuoni sasa mnaniuliza ilikuwaje. Basi nawaandikia kama mstaafu.

Kambi ilikuwa bondeni karibu na Kirotshe, mahali unapoliona ziwa Kivu asubuhi kabla ukungu haujashuka. Nilipewa nusu ya chumba cha friji ya chanjo. Mlangoni nikabandika kibao: SAIKOLOJIA. Hakuna aliyeingia, ila mmoja nitakayemtaja baadaye. Mwanajeshi aliyeonekana akiukaribia mlango ule alipigiwa miluzi na wenzake: “Ee, kaka, kichwa imevuja? Wakutilie kiraka?”

Wakati huohuo foleni ya malaria ilikuwa ndefu. Kila kikosi kilichoshuka kutoka vilimani kilikuja kuomba dawa ya malaria. Jambo hilo lilinisumbua. Vilima vya Masisi vina baridi. Ng’ombe wanastawi huko kuliko mbu. Nikamwomba Daktari Mkuu aniruhusu kukaa kwenye meza ya kipimo cha haraka, kile kidude cha plastiki kinachodondoshewa tone la damu: mistari miwili, malaria ipo, mstari mmoja, haipo. Mstari mmoja ulifuata mstari mmoja, na bado watu walipewa vidonge, kwa kuwa walikataa kuondoka bila vidonge. Walitetemeka kweli. Walitoka jasho kweli. Hawakulala kweli.

Nikakitoa kibao mlangoni. Nikapanga kwamba kila aliye na mstari mmoja apite kwangu kabla ya kwenda dirisha la dawa. Niliwauliza tu usiku wao ulikuwaje. Baada ya muda wanajeshi wenyewe wakaupa ugonjwa huo jina: malaria ya kilima. Jina hilo lilitimiza kile ambacho kibao changu hakikuweza. Mtu alisimama mbele ya wenzake akasema, “Niko na malaria ya kilima, naenda kwa Madamu Psi,” na hakuna aliyecheka. Nikiulizwa nilichojivunia mwaka ule, ni kile kibao nilichokitoa.

Vitabuni mtakuta maneno mengine. Tukio linalojirudia: mtu yuko mezani lakini macho yake yanaona shambulio la zamani. Ulinzi usiokoma: mwili unakesha zamu hata zamu ikiwa imekwisha. Ganzi ya moyo: mtoto anazaliwa, baba anaarifiwa, anajibu “sawa” kama aliyeambiwa mvua imekatika. Jifunzeni maneno hayo, yanasaidia kuandikiana na madaktari wenzenu. Mbele ya mgonjwa yawekeni mfukoni.

Yule aliyeniuliza swali alirudi. Aliitwa Ajida Bauma. Ajida ni cheo cha yule ambaye maofisa humpa amri na askari humpa lawama. Alikaa kwenye benchi langu kila wiki, akasema machache, akaondoka. Kikosi kilipohamishiwa Kibabi nilikifuata, na huko ndiko nilikomfahamu mkewe, Mama Neema, kwa sababu wake wa wanajeshi wetu huhama na kikosi, sufuria kichwani, mtoto mgongoni, na hujenga vibanda vya maturubai pembeni mwa kambi.

Mama Neema alinieleza aliyokuwa haelezi mumewe. Bauma alilala na viatu. Alikula amesimama, mgongo ukutani. Asubuhi moja kifuniko cha sufuria kilianguka, na Ajida akajitupa matopeni akimfunika binti yao kwa mwili wake. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka. Baba alipokataa kumwachia, akaanza kulia.

“Amepanda mara ine,” Mama Neema aliniambia. “Kila akishuka, najua kuna kipande imebakia kule. Hii bwana yangu nalala naye ni mabaki.”

Kisha tukahamishwa tena, safari hii Walikale, ndani ya msitu, kwao Mama Neema. Hapo habari ikaja: kikosi kitapanda tena, na Ajida Bauma ameorodheshwa. Mara ya tano.

Nilimwambia wazi kwamba hafai kupanda. Alinijibu bila hasira.

“Nikibaki, watasema naogopa. Bibi yangu atateka maji na wake wa wale walipanda. Unajua watamuambia nini pale kisimani?”

“Na ukipanda?”

“Sasa wale niko naongoza, wataongozwa na nani? Sisikiaki tena mutu akiniita, Madamu. Wanaita mara tatu.”

Hapo ndipo jambo lote lilipokuwa. Akipanda, huenda asirudi, yeye na vijana wengi walio nyuma yake. Akibaki kwa ruhusa ya daktari wa vichwa, ameaibika yeye na nyumba yake.

Mama Neema alikuwa akipepeta mchele nilipomweleza. Akasema kwao, kwa wawindaji, kuna desturi. Mwindaji akirudi kutoka porini hapewi chakula mpaka asimulie njia yote kwa mpangilio, mti kwa mti, mto kwa mto. Na kila anapofika mahali, mwenzake aliyepita naye hujibu, “Tulipita.” Asiposimulia, sehemu yake inabaki porini.

Mimi ni mtu wa kuuliza. “Unaamini hivyo?”

“Weye unaaminiaka vidonge?”

“Vingine.”

“Basi nami naamini vingine.” Akacheka. “Lakini nilijaribu naye, dada. Anaanza, anafika fasi moja, ananyamaza. Nami siwezi kumujibu ‘tulipita’. Mimi sikupita.”

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani siku nzima. Kwenye chuo tulifundishwa kwamba msikilizaji bora ni mgeni asiyehukumu. Desturi hii ilisema kinyume: msikilizaji lazima awe amekanyaga tope lilelile. Nilimuuliza Ajida, katika safari ile aliyoshindwa kuisimulia mpaka mwisho, alipita na akina nani. Akataja majina, moja baada ya jingine, na kila jina likaishia kwa “Mungu amulaze.”

“Na aliyewaongoza?”

“Komanda,” akasema. “Wakati ule alikuwa bado luteni.”

Komanda, mkuu wa kikosi, alikuwa Meja sasa, mtu aliyenyoa ndevu nje ya hema lake kila asubuhi, redio ikiwa juu ya jiwe karibu naye. Siku hizo redioni watu walibishana kama kila kijana alazimishwe kutumikia jeshi. Nilimkuta na povu mashavuni.

“Madamu Psi. Umekuja kuniibia ajida.”

“Nimekuja kuomba asubuhi yako moja, Komanda.”

“Unasikia hao?” Akaielekezea redio wembe. “Wenzako wa chuo kikuu wanasema kulazimisha ni dhambi. Sawa. Lakini weye hesabu: vijana wakija, Bauma analala. Wasipokuja, njo Bauma huyuhuyu anapanda tena. Dhambi ni gani?”

Ilikuwa hoja nzuri, na nilimwambia ni nzuri. Kisha nikamuuliza, “Na hao vijana wakishapanda mara ine, Komanda, utawaletea nani?”

Akamaliza shavu la pili ndipo akajibu. “Asubuhi moja,” akasema.

Tulikaa jikoni kwa Mama Neema, kibanda cha nyasi, moshi ukitoka juu polepole. Ugali ulikuwa umefunikwa, na mchuzi wa mawese kando. Ajida alisimama na mgongo ukutani. Komanda alikaa kwenye kigoda kidogo mno kwake, kofia magotini. Nilikuwa nimewaeleza wote wawili utaratibu, na nilikuwa na hakika ndogo sana kwamba utafaa.

“Tulitoka kambini asubuhi,” Ajida akaanza. “Mvua.”

“Tulipita,” akasema Komanda.

“Daraja ya miti. Mbao moja imekufa katikati.”

“Tulipita.”

“Shamba ya maharagwe, wenyewe wamekimbia. Mbuzi moja imefungwa kwa muti.”

“Weye ulikata ile kamba,” Komanda akasema. “Nilikugombeza. Tulipita.”

Ajida alitabasamu kidogo. Wakaendelea hivyo, kilima, pango, mikaratusi, mpaka akafika mtoni. Akanyamaza. Mkono wake ukaanza kutafuta kitu ukutani. Nilitaka kusema neno, yale maneno yangu ya kitaalamu ya kutuliza, na Mama Neema akanikanyaga mguu.

Komanda aliangalia viganja vyake.

“Muto,” akasema mwenyewe. “Maji ilikuwa mpaka hapa.” Akagusa kifua. “Mimi njo nilisema tuvuke. Tulipita.”

“Hapana, Komanda.” Sauti ya Ajida ilitoka ndogo. “Wengine hawakupita.”

Komanda aliiweka kofia chini. Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

“Ni kweli,” akasema. “Wao hawakupita. Siye tulipita.”

Ajida alivuta pumzi, akauvuka mto ule, akasimulia ng’ambo yake, na upande wa pili wa kilima, na barabara, na lori, na mlango wa nyumba yake. Kila mahali akajibiwa. Alipofika mlangoni, Mama Neema akafunua ugali. Ajida Bauma akavuta kigoda, akaketi, mgongo ukiwa wazi kwa mlango, akala.

Mama Neema aligeuka akashughulika na moto ambao haukuhitaji kushughulikiwa.

Nje, Komanda alivaa kofia yake. Akamwita Ajida, akamwambia kwa sauti ya kusikiwa na kambi nzima kwamba anatumwa Masisi, kwenye kambi ndogo upande wa Muheto, kufundisha askari wapya. “Na hiyo ni amri, hapana ruhusa.” Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa na la kusema kisimani. Kisha akanigeukia.

“Usiniletee mwingine.”

“Nitaleta, Komanda.”

“Najua.”

Nilileta. Tangu siku ile, kila kikosi kidogo kilichoshuka kilisimulia njia yake kabla ya likizo, waliopita pamoja wakijibizana, na wake wakipika karibu. Daktari Mkuu aliliita “mazungumzo ya njia” kwenye ripoti zake ili lionekane la kitaalamu, na alilitetea mbele ya wakubwa kwa ule uhakika wake niliokuwa nikiuchukia. Sikuuchukia tena sana.

Je, liliponya? Sijui. Ajida alikuwa bado anashtuka kifuniko kikianguka. Wapo waliosimulia njia na wakabaki kama walivyokuwa. Labda dawa ilikuwa desturi; labda ilikuwa kumsikia mkubwa akisema “mimi ndiye niliyesema tuvuke”; labda ilikuwa tu kutopanda tena. Msiniamini haraka. Jaribuni, mtazame, mwulize. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba niliona watu waliokula wamesimama wakiketi, na kwamba niliisaidia kazi hiyo kwa mikono yangu. Naona fahari.

Kuhusu kulazimisha vijana, mnaniuliza niko upande gani. Niko upande wa swali langu kwa Komanda, ambalo sijasikia likijibiwa na redio yoyote. Anayetaka kuwapeleka vijana wengi aseme kwanza nani atawasikiliza wakishuka, na watakaa kwenye kigoda cha nani.

Baada ya kituo kufungwa nilipita Muheto kumsalimu Mama Neema. Ana shamba la viazi sasa. Mumewe amestaafu na ana ng’ombe wawili ambao anawagombeza kwa majina ya askari wake wa zamani. Tulikunywa maziwa. Nikamkumbusha ile siku ya kwanza, na jinsi nilivyoaibika kwa kukosa jibu.

“Uliaibika?” Akaweka kikombe chini. “Dada, siku ile bwana yangu alikuwa amefunga mufuko. Alikuwa anakimbia jeshi, aingie porini, asirudi hata kwangu. Aliuliza ile swali kwa kila daktari. Moja alimuambia tatu. Mwingine alimuambia inategemea imani. Alisema, naenda kuuliza huyu wa mwisho, akitaja hesabu nitajua naye ni muongo, naondoka. Alirudi nyumbani, akafungua mufuko. Nikamuuliza, amekujibu nini? Akasema, ‘Amesema hajui. Nitarudi kwake juma ijayo.’”