Picha ya Kifua ya Kwenda China

Nawasalimu nyote kwa jina la Yule aliyeniachia pumzi kifuani. Nawasalimu pia majirani zetu Waislamu wa Unguja na Mombasa, mliokubali kuketi nasi katika ukumbi wa kanisa hapa Lanham. Asanteni kwa kuja. Jina langu ni Wakesho. Wengi wenu mnanijua kama mama mdogo wa Neema. Nimeombwa niseme yaliyonipata. Nikilia, naomba mnisubiri. Nitaendelea.

Kwetu ni Wundanyi, milima ya Taita. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo sana, na aliyenilea ni dada yangu Mshai. Aliacha shule ili mimi nisome. Alichuma kahawa kwenye mashamba ya watu, na kwa mikono ile ile akanisuka nywele kila Jumapili. Nikawa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wasichana. Yeye akaolewa, akamzaa Neema, kisha mumewe akaugua. Alikonda, akaharisha, akatoka vidonda mdomoni, akafa. Jina la ugonjwa ule halikutajwa na mtu yeyote, si hospitalini, si matangani. Lakini watu walianza kumpa Mshai chai kwenye kikombe chake peke yake.

Ndipo akakimbilia Amerika na mtoto wake. Baada ya miaka michache akanivuta na mimi.

Tuliishi Hyattsville, chumba kimoja cha kulala na sebule. Mimi na Mshai tulilala kitanda kimoja, Neema kwenye kochi. Sote wawili tulifanya kazi ya kutunza wazee. Kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha. Ni kazi ya heshima, sikatai, ila mimi nilikuwa na kiu ya darasa. Nikipita karibu na shule na kusikia kengele, nilisimama.

Kazini kwangu kulikuwa na Mkongomani mmoja mtu mzima, Papa Célestin. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, mu China wanatafuta ba professeurs ya Kingereza. Andika barua, mama. Utafanya nini hapa na diapers za wazee?"

Nikaandika. Nikajibiwa na chuo kimoja cha ualimu, katika mji wa kusini ambao jina lake nilijifunza kulitamka mbele ya kioo. Walinitaka nifundishe kwa mwaka mmoja, nyumba juu yao. Mshai aliposikia alicheza jikoni na mwiko mkononi. "Mdogo wangu atafundisha Wachina!" Alipiga simu Wundanyi, akamaliza kadi nzima ya simu akitangaza.

Sharti moja lilikuwa limebaki. Mwalimu yeyote mgeni lazima apimwe afya kabla ya kupewa viza ya kazi. Moyo, macho, mkojo, damu, na picha ya kifua.

Tulikuwa tunapika ugali Mshai aliponiuliza, "Damu wanapima nini?"

"Kaswende. Na Ukimwi."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Na wakikukuta nao?"

"Basi siendi."

"Mimi singewapa mkono wangu," akasema. Kisha akakohoa mpaka akashika meza.

Ndugu zangu, tulikuwa tunakohoa wote wawili. Yeye alianza, mimi nikafuata. Tulisema ni vumbi la maua ya miti, kwa sababu Wamarekani wenyewe walikuwa wanapiga chafya kazini. Maua yakaisha, kikohozi kikabaki. Tukasema ni eyakandishan, ile mashine ya kupoza hewa chumbani. Tulichemsha tangawizi na ndimu, tukanunua dawa ya maji duka la dawa. Usiku nililoa jasho hadi shuka likawa la kukamua. Sketi zangu zilinishuka kiunoni, na wenzangu kazini wakanisifu, "Girl, umepungua! Tupe siri yako." Nami nilicheka nao. Kumbe nilikuwa naliwa.

Nilikwenda kliniki mjini Washington nimevaa nguo yangu ya kanisani. Walinibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, wakanisimamisha mbele ya ubao baridi. "Vuta pumzi, shikilia." Nikavuta. Sikuweza kushikilia, nilikohoa. Wakapiga picha mara ya pili.

Waliniita nirudi. Daktari, Mhindi mmoja mpole, aliwasha taa nyuma ya picha akanionyesha juu, upande wa kulia. Palikuwa na kitu kama wingu, na katikati ya wingu tundu.

"Nyumbani unaishi na nani?" Hilo ndilo swali lake la kwanza.

"Dada yangu na mtoto wake."

Akavuta kiti akakaa karibu, mdomo na pua amevifunika. "Damu yako ni safi. Huna kaswende, huna virusi vya Ukimwi. Lakini nadhani una kifua kikuu. China huwezi kwenda ukiwa hivi. Nisikilize vizuri: ugonjwa huu unapona."

Mimi nilisikia "huwezi kwenda" tu. Mengine yalinipita.

Kazi ilisimama siku hiyo hiyo. Makohozi yangu yalipimwa, wadudu wakaonekana. Nikaambiwa nikae nyumbani, nisipande basi, nisije kanisani, mpaka makohozi yatakapokuwa safi. Idara ya afya ya kaunti ikamtuma nesi, mama wa makamo, Mmarekani mweusi, tukimwita Miss Loretta. Alikuja kila siku ya kazi na vidonge kwenye bahasha. Alisimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha anasema, "Fungua mdomo, mpenzi. Inua ulimi." Mwalimu mzima, nafunguliwa mdomo kama mtoto wa chekechea.

Dawa zile nizisemeje mbele yenu? Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa. Machozi pia. Nilitapika asubuhi, viungo vikaniuma, nyayo zikawa na ganzi mpaka nikaongezewa kidonge kingine. Chakula kilinuka chuma.

Siku ya kwanza Miss Loretta alitaka kuwaona wote waliolala nyumba ile. Neema alichomwa sindano ndogo ya mkononi ya kupima kifua kikuu, mkono ukavimba, maana yake wadudu wamemwingia. Picha yake ilikuwa safi, akapewa vidonge vya kinga. Aliuliza kwa Kiingereza kama atakufa, nesi akamwambia hapana, hata kidogo.

Mshai hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri.

Alinipigia simu jioni. Alikuwa Fairfax, ng'ambo ya mto, amepata kazi ya kulala huko huko, kumtunza mzee mmoja wa Kizungu.

"Dada, rudi upimwe. Unakohoa kuliko mimi."

"Nikirudi watanipima kifua, halafu watataka damu. Wakesho, wewe unajua baba Neema alikufa na nini."

"Hatujui."

"Mimi najua. Na makaratasi yangu yameisha. Wataniandika, watanipeleka immigration, watanirudisha na ugonjwa wangu nikafie kwa watu wa kikombe. Na Neema je?"

Nilimwambia Miss Loretta bila kusema yuko wapi, kwa kuwa Mshai hakunipa hata jina la barabara. Yule mama alikaa kwenye kochi letu na koti lake. Akasema, "Mwambie hatuulizi makaratasi. Sijawahi kumuuliza mtu. Mwambie nitamfuata mwenyewe kwa gari langu." Akaniachia namba ya peja yake, niipige saa yoyote.

Nilimfikishia Mshai maneno hayo yote. Nilimwomba kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kitaita. Yeye alikuwa akiniuliza tu, "Neema amekula?" Kila simu ilikuwa na kikohozi zaidi na maneno machache zaidi.

Mimi nikaanza kupona. Hilo ndilo lililoniuma. Jasho lilikoma. Njaa ilirudi, njaa ya aibu, nikala mkate usiku nikiwa nimesimama. Makohozi yakawa safi, nikaruhusiwa kutoka. Nilitembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, nikamshukuru Mungu kwa hewa. Na kila nilipopata nafuu, nilijua upande wa pili wa mto mtu anazama na ugonjwa huu huu, na dawa yake imo kwenye bahasha mezani kwangu.

Walionipigia simu kutoka Fairfax ni familia ya yule mzee. Mshai alikuwa ameanguka bafuni na beseni lilikuwa na damu.

Nilimkuta hospitalini katika chumba cha peke yake, milango miwili. Walinivika barakoa. Dada yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa na homa, alikuwa mfupa na macho. Mapafu yote mawili yalikuwa yameliwa. Walikuwa wamemtoa damu alipokuwa hajitambui, na mashine ikimpulizia hewa puani.

Nilikaa naye siku zile. Kuna asubuhi daktari aliingia na majibu. Mshai alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Daktari akasema, nami nikatafsiri, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameelewa.

Hakuwa na Ukimwi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Sina?"

"Huna, dada."

"Sina. Wakesho, sina." Akalia bila sauti, maana hakuwa na pumzi ya sauti. Machozi yalikuwa ya rangi ya chungwa, kwa kuwa hatimaye alikuwa ameanza dawa. "Miaka yote hii," akasema. "Sikumbusu hata mtoto wangu mdomoni."

Niliomba Neema aingie. Walimvika barakoa, akasimama mlangoni anaogopa. Mshai alimnyooshea mkono. Mtoto akaja, akasema, "Hi, Mommy," kisha akasema neno la Kitaita ambalo sikujua kama analijua, neno la kumwita mama. Mshai alimpapasa uso wote, kama mtu asiyeona.

Alikufa siku chache baadaye. Alitapika damu, akatapika tena, na hapakuwa na la kufanya. Nilikuwa nimemshika kichwa.

Ninyi mnajua yaliyofuata, kwa sababu ni ninyi mlionichangia, na ni ninyi mliolala sakafuni kwangu mkiimba. Wengine hamkuja. Mliogopa kikombe. Siwalaumu, nilishaona woga unavyofanya kazi.

Nilimuuliza daktari wangu swali ambalo lilikuwa linanikaba. "Nani alimwambukiza mwenzake?"

Akajibu, "Hakuna anayeweza kukuambia. Wadudu hawa huweza kulala mwilini miaka mingi. Huenda mlikuja nao wote kutoka utotoni. Ninachojua ni kwamba wewe uliletwa hapa mapema na yeye alichelewa."

Nililetwa na nini? Na viza. Kama China wangekubali mwalimu bila kumpima, ningepanda ndege na tundu kifuani, nikawakoholea wanafunzi wa watu, na mimi mwenyewe pengine ningezikwa mbali zaidi ya Mshai. Niliulaani mtihani ule wa afya kwa majuma mengi. Leo nasema asante, lakini ni asante yenye maji ya machozi, kwa sababu mlango ule ulifunguliwa kwangu peke yangu.

Nilimeza vidonge hadi cha mwisho. Siku hiyo Miss Loretta alileta keki ndogo, tukaila watatu, naye akaondoka akifuta macho. Picha ya kifua sasa inaonyesha kovu tu. Yule mzee wa Fairfax naye alipimwa, akapewa kinga, na familia yake ilinitumia maua badala ya matusi. Mungu awabariki. Chuo kiliandika kuniuliza kama nimepona na kama bado nataka kuja. Nilikaa na barua ile jikoni. Neema alikuwa sebuleni akifanya hesabu za shule, anajisemea namba kwa Kiingereza. Niliwajibu kwamba nimepona, na kwamba sitakuja. China sijaiona. Jumamosi nafundisha Kiingereza hapa chini kwa Wakongomani na Wasomali waliofika juzi, na kengele napiga mwenyewe kwa kijiko na glasi.

Sasa nisikilizeni. Kikohozi cha majuma matatu si vumbi la maua. Jasho la kulowesha shuka si joto la chumba. Kupungua bila kujinyima si uzuri. Usijihukumu kwa kifo cha mumeo au mkeo, wewe si daktari. Na kama unao Ukimwi kweli, siku hizi dawa za huo nao zimepatikana, watu wanainuka vitandani. Makaratasi hayaulizwi. Nimeliona kwa macho yangu, nasimama nalo.

Miss Loretta ameketi kule nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Ameleta sindano zile ndogo za mkononi. Mnamwona, amevaa sweta ya kijani. Hajui Kiswahili, kwa hiyo mimi nitakaa kando yake nitafsiri. Wa kwanza ni nani? Mama Amina, nimekuona umeshika kitasa cha mlango. Njoo tu, dada yangu. Njoo. Mkono mmoja mpe yeye, huu mwingine nipe mimi.