Mizigo ya Kiduha Njia ya Mbebe

Amri ya baraza ilisomwa kanisani baada ya ibada: kila kaya ing'oe gugu la kiduha, kisha ilete mzigo barazani, karani auone kwa macho. Asiyeleta atalima barabara.

Kung'oa ilikuwa sawa. Kiduha hunyonya mahindi mizizini, shamba likanyauka huku mvua inanyesha. Ila amri ilichelewa. Maua mekundu yalikwisha kukauka, na mbegu zake ni laini kama ugoro. Ukitikisa shina moja umekwisha kupanda. Hayo nilifundishwa sekondari, na sikufundishwa ili ninyamaze.

Njia ya Mbebe, iendayo barazani, ilipita katikati ya shamba langu, na shamba langu halikuwa na kiduha. Mume wangu alikuwa migodini Rhodesia, mtoto ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mahindi yale ndiyo chakula chetu cha mwaka. Basi nikawasha moto mwanzo wa shamba, nikasimama njiani na jembe, mtoto mgongoni.

Wa kwanza kutokea alikuwa mama mkwe, mzigo kichwani, wanawake wenzake nyuma yake.

"Choma hapa, mama."

"Nichome? Karani nimpelekee moshi?"

"Mpelekee majivu."

"Ehee, msomi wetu! Na karani atajuaje kama si majivu ya ugali wangu ulioungua?"

Wakacheka wote. Mmoja akauliza kama shuleni nilisomea uaskari wa mpakani. Nikamwambia acheke akiwa huko huko aliko.

Lakini mkwe hafungiwi njia. Nilimketisha mtoto chini, nikaufunga mzigo wa mama mkwe kwa mbeleko, usidondoshe kitu, nikampisha. Hao wengine wakapita nyuma yake na mizigo yao wazi. Mbeleko ilikuwa moja.

Msimu uliofuata maua mekundu yalisimama huku na huku ya njia. Tarishi wa baraza akaja na amri ile ile.

"Mama, mzigo wako uko wapi?"

Niling'oa kiduha chote na kukichoma mbele yake, kingali na maua mabichi.

"Mzigo ni barazani," akasema. "Huu mimi sijauona."

Nikapelekwa kulima barabara, mtoto mgongoni. Niliporudi, kiduha kilichochipuka nyuma yangu kilikuwa kimekwisha kupukutisha mbegu, na mahindi yamekuwa ya manjano hadi ukingoni mwa shamba. Mwaka ule tulikula mihogo ya mama mkwe. Aliileta mwenyewe, akaitua mlangoni, na safari hii hakuniita msomi.